Ndugu kwanza, lakini kwa bei ileile

Mhariri,

Nyumba za urithi za Kariakoo na Magomeni zinauzwa kila kukicha, na ugomvi ni uleule. Mmoja kauza fungu lake kwa mfanyabiashara anayetaka kupandisha ghorofa, wenzake wanakimbilia serikali ya mtaa kudai kwamba wao ndio waliostahili kuuziwa kwanza. Nawaunga mkono, ila nusu tu.

Dai lao lina mizizi. Katika fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, lipo, linaitwa shufa: mshirika katika mali isiyogawanywa ana haki ya kulichukua fungu linalouzwa kabla ya mgeni. Kwa Washafii, wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi huku Pwani, haki hiyo ni ya mshirika peke yake. Wahanafi, wa madhehebu ya Hanafi, humpa hata jirani. Lakini masharti yake hayatajwi barazani. Mwenye shufa hulipa bei ileile aliyotoa mgeni, na hutakiwa kudai mara anapopata habari. Akinyamaza bila udhuru, imempita.

Sheria ya Ardhi ya 1999 inapita njia nyingine. Wanaomiliki kwa mafungu, mmoja hawezi kumhamishia mtu wa nje fungu lake bila ridhaa ya maandishi ya wenzake, nao hawaruhusiwi kuinyima bila sababu ya msingi. Punguzo la bei kwa ndugu halimo humo. (Kama mirathi haijafungwa, wa kuulizwa ni msimamizi, na hilo nitaliachia barua nyingine.) Mpangaji naye, hata awe amezeekea chumbani, hana kipaumbele mpaka mkataba wake useme hivyo.

Kinachonikera ni kaka anayetaka nyumba ya shilingi milioni 100 kwa milioni 40 eti kwa kuwa ni ya baba, anamwacha mnunuzi alipe malipo ya awali, kisha anaibuka na zuio. Huko ni kumkomoa nduguye. Ila na muuzaji anayeongea na dalali kabla ya dada yake anajua fika anachofanya.

Mikataba mingi ya mauziano hapa mjini hupitia mihuri ya serikali za mitaa. Basi mwenyekiti, kabla ya kugonga muhuri, adai karatasi moja: washirika wakiri kwa sahihi zao kwamba walitajiwa bei na wakapewa mwezi mmoja wa kutafuta fedha. Asiyetaka kusaini aandike sababu, na aiandike ndani ya mwezi huohuo.

Msomaji wako,
Magomeni, Dar es Salaam