Korongo wa kwenye jezi yako

Tororo, Jumapili jioni

Mwanangu Hamisi,

Salamu nyingi. Mama yako hajambo, ni goti tu linamsumbua mvua zikianza.

Zile pesa za kuchimba mtaro wa kukausha kinamasi tulime mpunga nimezirudisha kwenye simu yako. Makato juu yako, maana ulizituma bila kuniuliza. Ulipopiga simu ulisema korongo hawajapungua, wamehamia Kenya tu. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Korongo taji si ndege wa safari ndefu, anazunguka hapahapa akifuata maji. Na majirani zetu wa Kenya nao wamekausha vinamasi vyao, wanalia kilio hichohicho.

Ndege huyu hulala mtini, lakini kiota hujenga chini, katikati ya mafunjo na nyasi za majini: mayai mawili au matatu juu ya majani yaliyokanyagwa. Maji yakiondoka, mbwa anafika, watoto wanafika. Shambani atakuja kudonoa, nawe utasema, "Si huyu hapa?" Pa kula anapo. Pa kuzalia hana.

Mwaka 1994, wewe ukitambaa, vinamasi vilikuwa asilimia 15.6 ya nchi hii ya Uganda. Waliovila tangu hapo ni sisi wenyewe. Tangu 2012 korongo taji anahesabiwa duniani kati ya ndege walio hatarini kutoweka. Huyuhuyu aliye kwenye bendera, mguu mmoja juu, na kwenye jezi ya Cranes, timu yetu ya taifa ya soka, unayoivaa kila mechi!

Na mimi nina langu. Ulipokuwa darasa la pili, korongo walifukua mahindi yangu, nikaloweka mbegu kwenye dawa. Asubuhi nikamkuta mmoja kalala kando ya tuta. Nilipomwinua alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, na kile kifuko cha kooni bado chekundu. Mwenzake alisimama mbali akiita. Alirudi siku tatu. Mama yako aliponiuliza, nikamwambia ni mbwa wa jirani.

Kwa hiyo mtu akiniambia wamehamia Kenya, sauti hiyo naijua.

Mpunga tutalima kule juu, ule wa nchi kavu. Kinamasi kiache. Leo alfajiri nimewahesabu wawili, na nyuma yao kifaranga. Au bata, macho yangu unayajua.

Baba yako