Uwanja wa Mkunguni usiachwe ukapoteza kivuli chake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie uwanja wa Mkunguni, ulio mbele ya Ngome ya Lamu, ambao wageni huukatiza wakikimbilia kupiga picha milango ya nakshi, na ambao sisi wenyeji tumeuzoea hata tumesahau kwamba nao ni urithi.

Ngome hiyo ilianza kujengwa baada ya vita vya Shela kati ya Lamu na Pate, katika miaka ya 1810, Lamu ilipotafuta ulinzi wa Seyyid Said wa Oman, ikakamilika yapata mwaka 1821. Wakati huo ilikuwa ukingoni mwa bahari. Nyumba zinazoitenga na maji hivi leo zilijengwa baadaye, ufuo ulipofukiwa. Ndivyo mahali pa askari palivyogeuka kuwa moyo wa mji, baina ya mitaa ya Mkomani na Langoni. Baadaye Waingereza waliifanya ngome kuwa jela, na hadi mwaka 1984 palikuwa na wafungwa nyuma ya kuta zile, kabla haijakabidhiwa Makumbusho ya Kitaifa.

Lakini uzuri wa Mkunguni hauko katika kuta. Uko chini ya mikungu. Pita pale baada ya sala ya alasiri: wazee wameinamia bao, muuza kahawa ameweka dele lake juu ya makaa na kashata pembeni, punda wanapita na mizigo kuelekea madukani, na watoto wanapasua kungu kwa mawe ili wale kiini chake. Majani ya mkungu hugeuka mekundu kabla ya kupukutika, na kwa siku kadhaa sakafu yote huwa na rangi hiyo. Ni kweli kwamba baraza hizo zimekuwa za wanaume zaidi, na kina mama hupita tu wakienda sokoni. Hilo nalo lingefaa kufikiriwa, ila si leo.

Tangu mji wetu uingizwe katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, tumejifunza kulinda nyumba za mawe, lakini sioni uangalifu kama huo kwa miti na uwazi wa uwanja. Jukwaa la sherehe likifungwa kwa misumari kwenye shina, hakuna anayeuliza. Meza ya biashara iliyowekwa kwa siku moja huota mizizi. Na bodaboda ikiruhusiwa kufika hapo, wazee wa bao watakuwa wa kwanza kuondoka.

Ninachoomba kwa wanaohusika ni kidogo: miche ya mikungu ipandwe sasa, wakati miti mikongwe ingali imesimama, baraza zikarabatiwe kwa chokaa badala ya saruji, na anayetaka kuutumia uwanja kwa shughuli yoyote atakiwe kwa maandishi kuurudisha kama alivyoukuta, siku hiyo hiyo.

Mkaazi wa Langoni,
Lamu