Vidonge vya bakteria kwa wagonjwa wa kansa, wauzaji watuambie yote

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Huku kwetu Masasi minada ya korosho ikishaanza na hela zikaanza kuingia kwa wakulima, wanaozifuata ni wengi, wa magodoro wapo, wa sola wapo, wa simu ndo usiseme, na miaka hii wameongezeka watu wa virutubisho. Wanakuja na spika na begi la matairi, wanaweka turubai karibu na stendi, mmoja anavaa koti jeupe hata kama hajawahi kushika bomba la sindano, na siku hizi kwenye lile begi kuna chupa za probayotiki, yaani vidonge vya bakteria hai. Zamani walikuwa wanaziuza kwa ajili ya gesi na choo kigumu, hapo sikuwa na ugomvi nao. Sa hivi wanawauzia wagonjwa wa kansa na kuwaambia zinarudisha kinga, zinasafisha sumu ya kemo (zile dawa kali za kansa), wengine wanathubutu kabisa kusema zinamaliza uvimbe.

Mimi nauza kwenye duka la dawa muhimu, kwa hiyo hao wagonjwa napishana nao sana. Wengi ni kina mama wenye kansa ya shingo ya kizazi, ndo kansa inayoongoza kwa wanawake nchi hii, wanapanda basi mpaka Dar kupigwa mionzi pale hospitali ya kansa ya Ocean Road, safari ya zaidi ya kilomita 500, na wakirudi huku wanakuja dukani na mambo madogo madogo, ORS, dawa ya kuhara, ya kichefuchefu. Mama mmoja mtu mzima alikuja na chupa yake imebaki vidonge vya kuhesabu, vile vya rangi mbili, akaniambia, "Mwanangu, nitafutie kama hivi, yule aliyeniuzia simu yake haipatikani." Nikaigeuza ile chupa. Bakteria bilioni 50 kila kidonge, hifadhi sehemu yenye ubaridi isiyozidi nyuzi 25. Nikamuuliza anaiweka wapi, akasema kwenye kabati la vyombo, na nyumba ni ya bati, mwezi wa kumi na moja, Masasi! Hao bakteria wanatakiwa wawe hai ndo wafanye kazi, sasa kwenye joto lile sijui wamebaki wangapi, na ile bilioni 50 mara nyingi ni hesabu ya siku walipotoka kiwandani, siyo ya siku unapomeza. Alinunua kwa laki na nusu. Nikamuuliza, mama, daktari wako anajua kama unakunywa hivi? Akacheka. "Nimwambie ili anigombeze?"

Hapo ndo penye tatizo langu mhariri. Sisemi probayotiki ni utapeli, hapana, ni kitu cha kweli na kinafanyiwa utafiti na watu wenye akili zao. Ni vijidudu hai, wengi wao ni jamii ya Lactobacillus na Bifidobacterium, hawa wa Lactobacillus ni jamii ileile inayogandisha mtindi, na kuna ile chachu inaitwa Saccharomyces boulardii. Na kwa mgonjwa wa kansa kuna sehemu moja ambako vimeonyesha kusaidia, nayo ni kuhara kunakoletwa na mionzi ya nyonga. Mionzi ikielekezwa shingo ya kizazi au njia ya haja kubwa, utumbo wa karibu nao unaungua, mtu anaharisha mpaka matibabu yanasimamishwa. Mwaka 2007 madaktari wa Italia walichapisha utafiti wa wagonjwa 490 wa namna hiyo, nusu walipewa mchanganyiko wa bakteria na nusu wakapewa kidonge kitupu. Walioharisha upande wa bakteria walikuwa kama 32 kwa kila 100, upande mwingine 52. Kuna hadi mwongozo wa kimataifa wa madaktari wa kansa unaosema Lactobacillus inaweza kutumika kuzuia kuhara huko, ingawa tafiti nyingine hazikutoa majibu mazuri namna hiyo. Kwa hiyo mtu anayepigwa mionzi ya nyonga akimuuliza daktari wake kuhusu hivi vidonge hajauliza ujinga, na daktari asimkaripie.

Ila huko ni kuzuia kuhara. Kupunguza kuhara siyo kuponya kansa, na muuzaji wa pale stendi anaruka kutoka hili kwenda lile bila hata kumeza mate.

Halafu kuna upande ambao hawausemi kabisa. Mtu akichomwa kemo, seli nyeupe zinashuka, mara nyingi kuanzia siku ya 7 mpaka ya 14 hivi, na kipindi hicho hata kijidudu kisicho na shida kwa mimi na wewe kinaweza kumwingia kwenye damu. Imeshatokea, zipo taarifa za wagonjwa ambao damu yao ilikutwa na Lactobacillus, na wengine wamekutwa na ile chachu, hasa wale waliowekewa mrija kwenye mshipa mkubwa. Siyo kitu cha kila siku, lakini kwa mtu ambaye kinga imelala ukimpa vijidudu hai bilioni 50 asubuhi na jioni lazima kuwe na mtu anayejua vipimo vyake vya damu. Mwenye spika hajui hata jina lake.

Wale wanaosema haya ni mambo ya asili hayana madhara, mimi huwa nawasimulia ya Uholanzi. Walichukua wagonjwa wa kongosho lililovimba vibaya, siyo kansa hao, wakawagawa makundi mawili, majibu yakatoka 2008, waliopewa probayotiki 152 walikufa 24, wasiopewa 144 walikufa 9. Waliofanya vile hawakuwa matapeli, walikuwa na nia njema na walitegemea kuokoa watu.

Na kuna hili jingine limenishangaza zaidi. Siku hizi kuna dawa za kansa zinazoamsha kinga ya mwili yenyewe iipige kansa, huku kwetu ni ghali mno wachache wanazipata, lakini zinakuja. Mwaka 2018 timu tatu, za Houston, Chicago na Paris, zilionyesha kwamba bakteria wa tumboni mwa mgonjwa wana mchango kwenye dawa hizo kufanya kazi au kutofanya. Wauzaji wakishika hapo tu wanashangilia, si mnaona, bakteria! Sasa 2021 watu wa hospitali ya kansa ya MD Anderson kule Houston wakawaangalia wagonjwa wa melanoma (hii ni kansa ya ngozi lakini siyo ile inayowasumbua sana ndugu zetu wenye ualbino), wakakuta waliokula nyuzinyuzi angalau gramu 20 kwa siku walikaa muda mrefu zaidi kabla ugonjwa haujasonga, na vidonge vya probayotiki havikuongeza kitu, na kwa panya wa maabara vilipunguza kabisa nguvu ya dawa. Kweli, kuna utafiti mwingine mdogo wa 2022, wagonjwa 30 tu wa kansa ya figo, ambao bakteria wa aina nyingine kabisa walionekana kusaidia. Yaani aina ya bakteria, aina ya kansa, aina ya dawa, vyote vinabadilisha jibu. Chupa moja ya kuuzia watu wote hapo inatoka wapi?

Nyuzinyuzi zenyewe sisi watu wa Kusini tunazo mpaka tunauza nje. Kikombe kimoja cha mbaazi zilizopikwa kina kama gramu 11, na mbaazi Lindi na Mtwara tunalima magunia kwa magunia halafu tunalalamika bei. Kunde, choroko, ming'oko ya kuchemsha inayouzwa kwenye ndoo barabarani, kisamvu, vyote vimo. Laki na nusu ya yule mama ingemnunulia mbaazi za miezi. Ila na hapa nisije nikageuka muuzaji mwingine, mtu anayeharisha kwa mionzi mara nyingi anaambiwa apunguze vyakula vya nyuzinyuzi kwa muda, kwa hiyo naye aulize kwanza. Na wale wanaosema basi tuwape mtindi wa kienyeji, ule wa chupa za soda unaotoka kwenye maziwa yasiyochemshwa siyo wa kumpa mtu wa kemo. Uchemshe maziwa kwanza, au ununue uliopita kiwandani.

Ninachoomba mhariri ni vitu viwili. Kwanza gazeti lako lenyewe, mnajua mnachokibandika kule kurasa za nyuma, tangazo linalosema virutubisho vinatibu kansa msilipokee hata kama kalipa hela nzuri, maana yule mama alinionyesha kipande cha gazeti amekikunja kwenye leso, kwake gazeti likisema basi limesema, sisemi lilikuwa lenu. Pili, tafuteni daktari wa kansa na mtu wa lishe mkae nao, muwaulize kwa Kiswahili cha kawaida, mgonjwa wa mionzi anywe au asinywe, wa kemo je, wa wiki gani, mtoaji kadi pale kliniki awe anauliza kila mtu "na nini kingine unakunywa nyumbani?" bila kukunja uso. Maana wanaficha kwa sababu ya kugombezwa.

Yule mama sikumuuzia kitu. Nilimwandikia jina la vile vidonge kwenye karatasi akamwonyeshe daktari kliniki ijayo, nikamwambia akipata homa asisubiri kliniki wala asije kwangu kununua panado, aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Karatasi aliichukua. Chupa nayo aliirudisha kwenye mkoba, kasema hela yake bado imo mle ndani.

Mhudumu wa duka la dawa,
Masasi, Mtwara