Barua kwa binamu yangu anayetaka kufyeka mafunjo

Mpendwa binamu,

Salamu kutoka Masaka. Siku ile mwaloni, pale mitumbwi inapopakua samaki, ulinunua nkejje, wale samaki wadogo, wakavu kwa ajili ya mtoto aliyetoka kuugua surua, kama bibi zetu walivyofanya, ukaniambia kwamba nkejje ni nkejje tu na hawahusiani hata kidogo na mafunjo, ile mimea mirefu ya kinamasini, unayokusudia kuyafyeka shambani kwako upande wa ziwani. Sikukujibu papo hapo, kwa kuwa jibu lenyewe ni refu.

Samaki tunaowaita nkejje, ambao ndugu zetu wa Mwanza huwaita furu, walikuwa zaidi ya spishi 500 katika Ziwa Victoria na maji yanayolizunguka. Watafiti wengi wanakubaliana kwamba ziwa lilikauka, na kwamba lilijaa tena miaka ipatayo 15,000 iliyopita. Kwa hiyo jamii kubwa namna hiyo iligawanyika katika spishi hizo zote kwa muda ambao kwa viumbe ni mfupi mno. Waligawana riziki. Wako wanaovunja konokono kwa taya za pili zilizomo kooni, wako wanaokwangua mwani kwenye mawe, wako wanaonyofoa magamba ya wenzao, na wako wanaokula mayai na watoto wa samaki wengine, ambao mama zao huwalea mdomoni. (Hao wa mwisho, nakiri, siwapendi.)

Ninaopenda kuwasimulia zaidi ni ndugu wawili wa kwenye miamba. Dume wa mmoja ni wa buluu, hukaa karibu na ufuo na hula zaidi viluwiluwi vya wadudu walioko chini. Wa pili, aliyepewa jina la Mwalimu Julius Nyerere, ana dume mwekundu; hukaa chini zaidi na hula hasa vijidudu vinavyoelea majini. Katika ziwa letu chembe za matope na mwani humeza mwanga wa buluu kwanza, hivyo kadiri unavyozama ndivyo mwanga unavyobaki kuwa wa manjano na mwekundu, na macho ya kila samaki yameelekea kwenye mwanga wa pale anapoishi. Jike humchagua dume kwa rangi. Maji yakiwa safi, kila mmoja humtambua wa kwake. Yakichafuka sana, rangi hazionekani, wawili hao huzaliana, na baada ya vizazi kadhaa hubaki samaki mmoja wa rangi ya vumbi asiye huyu wala yule. Hakuna aliyewavua wakaisha. Walichanganyika tu.

Sasa mafunjo yako. Mashina yake hupunguza kasi ya maji ya mvua yanayotoka mashambani, na udongo hutua humo kabla ya kufika ziwani. Hiyo ni kazi ya kwanza. Ya pili tunaiona hapa jirani, Nabugabo, ziwa dogo lililojitenga na Victoria miaka elfu kadhaa iliyopita na lililopandikizwa sangara, samaki mkubwa anayekula wenzake, katika miaka ya 1960. Sangara huhitaji oksijeni nyingi, na ndani ya kinamasi cha mafunjo oksijeni ni haba, kwa hiyo samaki wadogo wanaoistahimili hali hiyo hupata humo mahali ambapo yeye hawafuati. Jamaa mmoja wa nkejje ameumbika kwa namna mbili kwa sababu hiyo: anayeishi kinamasini ana matamvua (viungo vya kupumulia majini) makubwa kuliko mwenzake wa maji ya wazi, ingawa wote ni spishi moja.

Najua unahitaji eneo la kupanda mboga wakati wa kiangazi, na sikulaumu. Lakini kuna ule mteremko nyuma ya migomba ambao haujalimwa tangu mzee alipofariki. Uanze huo, nami nitakuja Jumamosi na majembe mawili, kabla hujawaita vijana wenye mapanga.

Wako,
binamu yako