Anayenunua malipo ya tumbaku aonyeshe leseni ya Benki Kuu

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumzie biashara inayoshamiri Urambo, Kaliua na Sikonge masoko ya tumbaku yanapofunguliwa: kununua malipo. Mkulima ameshauza, robota (mizigo ya tumbaku) zimepimwa, karatasi ya mauzo anayo, ila fedha haijaingia benki. Mwenye duka anampa taslimu leo, kisha mwenye duka anabaki na karatasi, kadi ya benki na namba ya siri ya mkulima. Malipo yakiingia, anakwenda mwenyewe kwenye mashine kuyatoa.

Wanaofanya hivi husema hawakopeshi, wananunua tu. Tupige hesabu. Mkulima anayesubiri Sh1,000,000 anapewa Sh800,000, na malipo yanaingia baada ya wiki tatu. Ziada ni Sh200,000 juu ya 800,000 iliyotolewa, yaani asilimia 25 kwa wiki tatu. Ukomo wa riba uliowekwa na Benki Kuu kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana, ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 800,000 ni Sh28,000. Halafu malipo yakiingia pungufu kwa kuwa deni la mbolea limekatwa, mkulima ndiye anayefuatwa nyumbani alipe kilichopungua. Aliyeuza kitu hafuatwi hivyo. Huo ni mkopo.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji wa namna hiyo, awe kampuni au mtu binafsi, awe na leseni ya daraja la pili kutoka Benki Kuu. Hapa ndipo wateja wengi wanapodanganyika: ukutani wanaona leseni ya halmashauri yenye muhuri, wanaridhika. Leseni ile ni ya kuuzia sukari na sabuni. Haimruhusu mtu kukopesha hata shilingi.

Anayetaka kufanya kazi hii kihalali njia anayo. Anaanza BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na kama ni kampuni, katiba yake itaje wazi shughuli ya kukopesha. Katiba inayosema "biashara ya jumla" itamrudisha nyuma. Kisha TIN (namba ya mlipakodi) na uthibitisho wa kulipa kodi, vitambulisho vya NIDA vya wahusika, mpango wa biashara, sera ya mikopo, na ushahidi wa mtaji na ulikotoka. Kwenye mtaji ndipo pagumu, maana fedha iliyozungushwa miaka mingi kwenye daftari la dukani haina taarifa ya benki ya kuitetea. Ni vema aanze kuipitisha benki mapema kabla ya kuomba. Na akishapewa leseni, bado haruhusiwi kupokea amana za watu.

Wengine hujificha nyuma ya kikundi. Kikundi cha kijamii ni daraja la nne, husajiliwa kupitia halmashauri, na kazi yake ni kuhudumia wanachama wake. Kikundi kinachokopesha kila anayepita sokoni kimetoka nje ya usajili wake.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Ilikuwa hatua nzuri, lakini daftari la dukani haliko kwenye simu. Mkopeshaji wa dukani hupatikana kwa kufuatwa pale alipo.

Kwa mkulima: omba kuona leseni ya Benki Kuu, kisha mwombe kijana mwenye simu alitafute jina hilo kwenye orodha iliyo katika tovuti ya Benki Kuu. Dai mkataba wa maandishi wenye kiasi, riba na tarehe, na nakala ubaki nayo. Kadi na namba ya siri usimpe yeyote, hata mwenye leseni. Kama umeshatoa, nenda benki na kitambulisho chako, kadi ifungwe upewe nyingine. Deni litabaki palepale, ila utalilipa kwa mkono wako.

Tunawaomba maafisa biashara wa halmashauri, wanapohuisha leseni za maduka haya, waulize pia ya Benki Kuu. Na viongozi wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, wasiruhusu meza ya mnunuzi wa malipo kuwekwa kando ya mizani.

Wasomaji wako,
Urambo, Tabora