Barua ya Wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Taaluma ya Chuo Chetu

YAH: KIKAO CHA KUPITISHA MATOKEO YA STASHAHADA

Mheshimiwa Mwenyekiti, shikamoo.

Nakuandikia hadharani kwa sababu barua niliyoipitisha kwa mkuu wa idara haijajibiwa, na Jumatatu limebandikwa tangazo jingine kwenye ubao wa jengo la utawala. Tarehe ya kikao imekatwa kwa kalamu ya bluu, juu yake pameandikwa "mtatangaziwa". Sababu haikutajwa. Hata sahihi haipo.

Sisi ni wa NTA ngazi ya 6, yaani ngazi ya stashahada. Mitihani tumemaliza, walimu wamesahihisha, mtahini wa nje amekuja na ameondoka. Alama tunaziona kwenye mfumo, lakini kila somo limeandikwa "matokeo ya awali". Unajua kuliko mimi kwamba kamati yako isipoyapitisha, chuo hakiyapeleki NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi. Yasipofika huko hakuna AVN, ile namba ya uhakiki wa stashahada, na bila AVN mwenye stashahada haombi chuo kikuu. Dirisha la maombi la TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, likifungwa limefungwa. GPA yangu, yaani wastani wa alama, ni 3.6, sharti la kujiunga na shahada ni 3.0. Mimi sikufeli, Mheshimiwa. Nimekwamishwa na kikao.

Huku nje tunasikia mengi. Wapo wanaosema akidi haitimii, wengine wanasema wajumbe wanadai posho. Mimi naamini ni suala la mtaala mpya, yale masomo tuliyoyaanza kwa mtaala wa zamani tukayamalizia kwa mwingine. Kama ni hilo, mtaala hawakuubadilisha wanafunzi. Ni kamati yako iliyoupitisha sisi tukiwa katikati ya safari, na ukasimama mbele ya serikali ya wanafunzi ukatuahidi kuwa hakuna atakayeumia. Tulikupigia makofi siku ile.

Basi tunaumia. Ada yangu ya mwisho mama aliikopa kwenye kikoba, na marejesho ni kila Ijumaa, nipate kazi nisipate. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo. Niliitwa usaili wa ukarani wa hesabu, wakataka transkripti; nikawaonyesha alama kwenye simu, wakaniambia nirudi nikiwa na karatasi yenye muhuri. Ile nafasi sasa ina mtu.

Tunaomba mkae. Mkae jioni, mkae Jumamosi, mkae hata kwa njia ya mtandao, ila mkae. Kama yapo masomo yenye utata, tuiteni tuelezwe, tuko tayari kuleta hata madaftari yetu. Na kama hata hilo ni zito, basi bandikeni tarehe moja ya kikao, yenye sahihi yako, na isikatwe tena. Naomba tarehe hiyo, Mheshimiwa, kabla dirisha halijafungwa.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa Stashahada ya Uhasibu, mwaka wa mwisho