Kwako uliyekabidhiwa timu ya otomatiki

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimefurahi mno kusikia umekabidhiwa timu ya udhibiti na otomatiki. Uliniuliza uanzie wapi. Anza na swali moja, ulirudie kila kikao mpaka vijana wako waanze kuulizana wenyewe: hiki kikiharibika, mtambo utafanya nini?

Tangi likijaa pampu izime, joto likizidi vali ifunguke: hayo PLC yoyote, yaani kompyuta ndogo ya kuendesha mitambo, inayamudu. Kazi yenyewe iko kwenye waya uliokatika, hewa ya kompresa iliyoisha, kihisi, yaani kifaa cha kupima, kilichokwama kwenye namba ileile tangu asubuhi. Chukua ishara ya miliampea 4 hadi 20 tunayoishi nayo kila siku, yaani umeme mdogo ambao kihisi hutuma kipimo chake kwa njia ya waya. Kipimo kinaanzia 4, hakianzii 0, ili tangi tupu lisifanane na waya uliokatika. Kitufe cha dharura nacho hupitisha umeme muda wote, na kukibonyeza ni kuukata; waya wake ukikatika, mashine inasimama vilevile. Sasa kijana akiandika programu inayosoma miliampea 0 kama tangi tupu, waya ukikatika pampu itajaza tangi hadi limwagike. Ukikuta hivyo, keti naye na mchoro mbele yenu, muifuate ishara kutoka kwenye kihisi hadi kwenye pampu, aone mwenyewe. Usimwandikie programu hiyo. Najua mikono itakuwasha, maana programu unaziandika vizuri kuliko wengi ninaowafahamu, lakini ukishika kibodi wewe, yeye hajifunzi, na wenzake wataanza kupanga foleni mezani kwako.

Kabla ya programu, yapatikane maelezo ya uendeshaji kwa lugha ya kawaida, yakubaliwe na watu wa mchakato, wa umeme, na waendeshaji wenyewe. Umeme ukikatika, vali hii ibaki wazi au ijifunge? Ya maji ya kupoza mara nyingi ibaki wazi, ya gesi ya tanuri ijifunge. Usiache jambo hilo liamuliwe kimyakimya na aliyeagiza vali.

Kuhusu kengele za tahadhari nakuomba uwe mkali. Tarehe 24 Julai 1994, katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Milford Haven, Wales, waendeshaji wawili walimiminiwa kengele 275 katika takriban dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko. Nani angeweza kuzisoma, achilia mbali kuzifanyia kazi? Basi kila kengele inayopendekezwa, uliza: mwendeshaji akiisikia afanye nini, na ana muda gani wa kufanya? Isiyo na jibu isiwe kengele. Utabishiwa, kwa sababu kuongeza kengele ni rahisi na kila mtu huona kifaa chake ndicho muhimu zaidi. Shikilia hapohapo.

Halafu kuna suala la muda. Sisi huingia mwisho. Msingi ukichelewa, mabomba yakichelewa, nyaya zikichelewa, tarehe ya kuwasha mtambo haisogezwi. Kinacholiwa ni muda wako wa majaribio. Pambana mapema: paneli zijaribiwe kwa aliyezitengeneza kabla hazijasafirishwa, mteja akiwepo, na mchomoe nyaya kwa makusudi muone kinachotokea. Mkifika kwenye mradi, kila ishara ipimwe kutoka kwenye kihisi hadi kwenye skrini, moja baada ya nyingine, hata kama meneja wa mradi amesimama mgongoni mwako. Akikutaka uruke, mpe kwa maandishi orodha ya ishara ambazo hazijapimwa na kile ambacho kila moja inakilinda, kisha aamue huku akiisoma. Walio mstari wa mbele ni wale wanaosimama kando ya mtambo huo unapowashwa.

Orodha ya kengele ikiwa tayari, hata ikiwa rasimu, nitumie. Nitaipitia yote, na nitakupigia simu tujadili kila iliyonitia wasiwasi.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafiki yako.